Seli Zenye Njaa

Jumatatu, 3 Machi

Simu imelia mara moja leo. Kampuni ya simu yenyewe — wanataka kujua kama nimeridhika na huduma. Nimewaambia nimeridhika mno, nikaendelea kuongea na yule binti mpaka akaanza kutafuta upenyo wa kukata. Aibu! Mtu mzima na vyeti vyake ukutani anamganda mhudumu wa simu.

Maabara, hakuna jipya. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Miwani (ana miwani machoni na mingine kichwani, na bado hutafuta ya tatu), alikuwa anasimulia harusi ya mdogo wake. Kumbe ilikuwa Jumamosi. Kumbe maabara nzima ilikuwepo. Nimecheka walipocheka wao.

Dada kaniandikia ujumbe. Alhamisi ana miadi na daktari wa damu huku, atapita kwangu. "Mchana tu, usijisumbue." Mchana tu, na mimi nimeshafua shuka.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja, ameondoka. Chumba bado kinanukia sabuni yake.

Alivaa mikono mirefu. Sikujua sababu mpaka alipoikunja aoshe vyombo — mgeni gani anakwenda moja kwa moja kwenye sinki! Kuanzia kiganjani mpaka kiwikoni ni madoa. Zambarau, kijani, manjano pembeni. Dada ni mshonaji. Akiugusa tu ukingo wa meza ya cherehani, doa. Shemeji hataki tena kufuatana naye sokoni, anasema wanawake wanamtazama kwa jicho la "mpiga mke huyo". Tulicheka sana. Ila Dada siku hizi anacheka akiwa amefunika mdomo. Fizi zinatoka damu.

Daktari kasema vidonge vimeshindwa. Havikufanya lolote ila kumvimbisha uso. Chembe sahani zake, zile za kugandisha damu, zimebaki chache za kutisha. Sasa wanataka kumtoa bandama. Jumanne ijayo. Dada kajibu: "Nimezaliwa nayo, nitazikwa nayo." Kwa mzaha. Halafu akanishika mkono na mzaha ukaisha. Mama aliingia kwenye chumba cha upasuaji akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Hakuhitaji kunikumbusha mengine.

Akaniuliza hasa kinachomla ni nini. Miaka yote hii ya kazi yangu, leo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa na mtu wa nyumbani. Nikachangamka kama mtoto aliyeitwa ubaoni!

Nikamwambia: kingamwili ina mikono miwili na mkia. Mikono inamkamata adui, mkia unabaki unaning'inia. Kuna seli walaji mwilini, na juu ya ngozi zao kuna vipokezi — vishikio vya kuukamata ule mkia. Mlaji akishaushika, anameza chochote kilichopo upande wa pili. Ndivyo tunavyopona mafua, vidonda, kila kitu. Kwako wewe, Dada, kingamwili zimekosea mtu. Zimekamata chembe zako mwenyewe. Mlaji haulizi, yeye anaona mkia, anakula. Na kwenye bandama ndiko walaji wamejazana, ndiyo maana daktari anaitaka.

Dada akafikiri. Kwa hiyo walaji hawana kosa, wametumwa tu? Ndiyo. Na huyo aliyekosea kukamata, kwa nini alikosea? Hatujui. "Mmesoma mpaka macho yameharibika, na hamjui!"

Hapo nilipaswa kunyamaza, sikunyamaza. Nikamweleza kuhusu dawa ya majaribio ya Profesa, mkuu wetu wa maabara. Vipokezi haviko sawa: vipo vinavyomwambia mlaji "kula", na vipo vinavyomwambia "acha". Wagonjwa wachache wana vile vya "kula" kupita kiasi. Hao ndio Profesa anaowatafuta, kwa sababu dawa yake inaikata hiyo amri. Wengine haiwasaidii kitu.

"Basi nipime."

Kuna utaratibu. Daktari wake aandike, kamati ikae, wiki kadhaa. Nikamtoa damu palepale mezani, kati ya vikombe vya chai. Mtu mwenye damu kama yake ukimtoboa, hutoki haraka. Nikaibonyeza pamba mpaka vidole vikafa ganzi. Muda wote huo alikuwa ananitazama usoni. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunitazama hivyo.

Basi la jioni likamchukua.

Ijumaa, 7 Machi

Siwezi kukaa! Nazunguka chumba!

Nilisubiri wenzangu watoke mchana. Nikatenga seli za Dada, nusu nikazigandisha kwenye friji la baridi kali, nusu nikaanza kuziandaa. Ndio kwanza nimepanga vichupa kwenye barafu, mlango ukafunguliwa. Miwani! "We, njoo bwana, keki inaisha!" Siku ya kuzaliwa ya Profesa. Yaani mtu alinyanyuka, akatembea korido yote ile, kunifuata mimi. Nikala vipande viwili. Profesa akanitania, eti alidhani naishi kwa kahawa tu, na wote wakacheka, na safari hii nilicheka kwa sababu nilikuwa ndani ya utani wenyewe.

Nikarudi nimejaa sukari, nikaweka rangi, nikapeleka kwenye mashine. Seli zinapita moja moja mbele ya leza. Kingamwili zetu za rangi zinatafuta kipokezi cha "kula". Penye vingi, seli inang'aa. Za Dada ziling'aa zote! Mlima mzima wa grafu kwenye kompyuta ulikuwa umehamia kulia, upande wa vingi, mbali kuliko mgonjwa yeyote tuliyewahi kumpima. Nilibaki nimetoa macho.

Nikampigia nikiwa kwenye ngazi. Majibu si rasmi, nilisema. Nadhani nilisema. Akalia. Halafu nikamsikia anamwita Shemeji kwa sauti ya zamani, ile ya kabla ya ugonjwa: "Mdogo wangu ameona! Mdogo wangu ameona!"

Jumapili, 9 Machi

Dada kapiga asubuhi, mchana, na jioni. Anataka kujua nimekula nini. Shemeji akaomba simu, akasema, "Shemeji, ulikuwa umetupotea. Sasa umerudi kwetu." Mpwa wangu kaniimbia wimbo wa shuleni, hajui maneno, kaimba hivyo hivyo. Waya wa chaji ni mfupi, kwa hiyo nilikaa sakafuni karibu na soketi ili simu isizimike.

Miguu imekufa ganzi. Jumapili nzuri kuliko zote za nyumba hii.

Jumanne, 11 Machi

Leo ndiyo alikuwa awe juu ya kitanda cha upasuaji. Hakwenda. Kamwambia daktari kwamba mdogo wake ni mtaalamu, amemtafutia dawa. Daktari amekasirika, kasema nafasi yake kapewa mgonjwa mwingine, lakini siku akibadilisha mawazo aje.

Sikutaka afike huko. Nilidhani angesubiri majibu rasmi, angeuliza kwanza. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo. Yeye akawa anauliza kama lile dirisha langu bado linapitisha upepo. Nikamjibu la dirisha.

Lakini majibu si ninayo? Niliyaona kwa macho yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Mungu wangu.

Mungu wangu.

Nitulie, niandike.

Asubuhi naandaa sampuli za kazi. Miwani, bila kugeuza kichwa, kauliza kama anavyouliza kila siku, kama mtu anavyouliza mlango umefungwa: "Umeshawashibisha?" Nikasema ndiyo. Na ilikuwa ndiyo. Halafu mkono wangu ukasimama hewani.

Walaji hawachagui mkia. Kingamwili zetu za rangi nazo zina mikia! Ukimpa mlaji rangi akiwa na njaa, anaidaka kwa mkia, na anang'aa hata kama hana kitu cha kung'arisha. Ndiyo maana kwanza tunawamwagia seramu, iliyojaa kingamwili za kawaida zisizo na rangi, vishikio vyote vijae. Kushibisha, ndivyo tunavyosema. Ndipo rangi inashika kwa mikono yake, panapostahili tu. Ni somo la siku ya kwanza. Wanafunzi ndio husahau, na anayewafokea ni mimi.

Ijumaa ile, kichupa cha seramu kilikuwa kwenye barafu, karibu na mkono wangu wa kushoto. Mlango ukafunguliwa. Keki. Niliporudi nikashika cha rangi.

Nimejitoa damu yangu mwenyewe mchana. Nimeigawa. Fungu moja nimelishibisha, jingine nimeliacha na njaa. La njaa liling'aa kama la Dada. Mlima uleule, kulia kabisa! Na mimi ni mzima, sina ugonjwa hata wa kuombea ruhusa.

Bado haimaanishi Dada hana vipokezi vingi. Inamaanisha sijui. Nimekaa chooni nikajiambia hivyo: hujui bado, hujui bado.

Jioni kapiga. Nikasema nina mafua, sauti haitoki. Akaniambia nichemshe maji, ninywe. Akasubiri kwenye simu mpaka nimalize kikombe.

Ijumaa, 14 Machi

Sikusema.

Kapiga mara mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Maabara ilikuwa tupu. Nimezitoa seli zake kwenye friji, nikaziyeyusha kwa joto la kiganja. Nimezishibisha. Nimesoma lebo ya seramu kwa sauti, kama mlevi anayehesabu ngazi. Nikaweka rangi, nikapeleka kwenye mashine.

Kawaida. Dada yangu ana vipokezi vya kawaida kabisa. Hata chini kidogo ya kawaida. Dawa ya Profesa ingemfaa sawasawa na maji ya bomba. Wakati huohuo bandama yake inaendelea kula mchana kutwa, na tiba yenyewe alishapangiwa, na aliyemzuia ni mimi.

Nimejiuliza kwa nini tangu Alhamisi sijasema. Nilidhani ni kazi, naogopa Profesa. Si kazi. Kazi nitapata nyingine, au sitapata. Nilidhani ni aibu. Aibu nimeizoea. Ni simu. Nikimwambia, simu haitalia tena. Nitarudi kwa yule binti wa huduma kwa wateja.

Je, mtu anaweza kumwacha dada yake avuje damu kwa sababu ya upweke? Nimeiandika nione inavyofanana. Inafanana na mimi.

Nikapiga moyo konde, nikampigia. Kapokea Shemeji, furaha tupu. Dada hayupo! Kapanda basi, anakuja kwangu, alitaka kunishtukiza. Atakaa mpaka dawa ianze. "Nimekukabidhi mke wangu, Shemeji."

Niseme nini? Nikasema asante. Asante!

Naenda kituoni kumpokea.

Jumapili, 16 Machi

Ameshahamisha meza. Amelishusha pazia nililobana kwa pini tangu nihamie, amelipinda kwa mkono, amelirudisha. Nguo zake kazitundika kwenye kabati langu bila kuuliza, katikati ya zangu. Nimeamshwa na mtu anayesonya jikoni kwa sababu sina kisu kinachokata. Mtu anasonya jikoni kwangu!

Kitanda ni kimoja, tumelala mzungu wa nne, miguu yake ya baridi kwenye mbavu zangu. Nimelala fofofo, kama sina kosa.

Asubuhi alikuwa na doa jipya shavuni. Alilalia kiganja chake tu. Kajitazama kwenye kioo, kasema sasa ni wewe utakayeitwa mpiga dada.

Nilipanga kusema baada ya chai. Halafu baada ya chakula. Mchana akaanza kunisimulia Mama alivyokuwa akinibeba mimi mgongoni huku anapiga deki, mambo ambayo sikuyajua, na nani mwingine aliyebaki wa kunisimulia? Nikasikiliza mpaka mwisho. Nikaomba na mengine.

Akauliza dawa itaanza lini. Nikasema, "Karibuni."

Mpaka jana, kuhusu dawa, nilikuwa nanyamaza tu. Leo nimedanganya kwa mdomo, mchana kweupe, akiwa ameshika kichwa changu ananisuka.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi. Sijaenda kazini.

Dada alitangulia bafuni akakaa sana. Nilipoingia baada yake, sinki lilikuwa jeupe, linanukia sabuni, limesuguliwa kama la hotelini. Mataulo yangu mawili ni ya rangi nyepesi. Alichukua la tatu, jeusi, la chini kabisa kwenye rundo. Lilikuwa limelowa. Nikalikamua. Yakatoka maji mekundu, mengi.

Jana aliniambia fizi zimetulia. Ananificha! Anajikaza asinipe wasiwasi, maana dawa inakuja, si mdogo wake kasema? Yeye ananificha damu, mimi namficha majibu. Tumelala kitanda kimoja na kila mtu yuko peke yake.

Nikatoka kwenye ngazi, nikampigia daktari wake. Nimesema yote, mpaka keki. Nilingoja anifokee. Afadhali angenifokea. Aliuliza tu: damu inatoka wapi, tangu lini, kichwa kinamuuma? Halafu akasema nimlete sasa hivi, si kesho. Watamwongezea chembe, na chumba cha upasuaji kitapatikana wiki hii. Lakini hawezi kumpasua mtu asiyetaka. "Mimi hanisikii tena. Anakusikia wewe. Mwambie mwenyewe, na umwambie ukweli."

Nimemwandikia Profesa mistari miwili. Adhabu yake itakuja kwa wakati wake.

Dada karudi bafuni, anaoga. Nimeita gari. Nimeshusha nguo zake kwenye kabati. Moja moja. Nafasi zilipokuwa zimetundikwa zimebaki wazi, zangu zimelegea zikaegemeana. Nimekunja zake kwenye mfuko, na mfuko nimeuweka mlangoni. Anaimba huko ndani. Sauti ni nzuri, kama mtu asiye na shida duniani.

Najaribu sentensi. Dada, nilikosea kipimo. Dada, hakuna dawa. Dada, sikuwashibisha — huyo hata hajui maana yake, atadhani nazungumzia wageni. Dada, nilijua tangu Jumamosi, na jana nilikuacha unisuke.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenyewe. Hiyo ndiyo atakayoondoka nayo.

Maji yamenyamaza.

Ametoka. Ameuona mfuko. Anauliza, "We, unanifukuza?" Anacheka, mkono mdomoni. Nimeinama hapa mezani, naandika kama mwenye kazi ya haraka.

Amekaa ukingoni mwa kitanda, taulo begani. Anauangalia mfuko, ananiangalia mimi. Hacheki tena. Anasema haya, mdogo wangu, maliza kwanza kuandika, halafu uniambie.

Gari limepiga honi huko chini.

Ananingoja nimalize. Bado naandika. Bado naandika